Jina Langu Lilikuwa Ukurasa wa Pili

Kama kazi yako ni kuosha wazee, kabla hujasoma mbele nenda kamwulize mkuu wako jina lako limeandikwa ukurasa gani. Sikutanii. Mimi sikuuliza, na kutouliza kwangu kulinilaza hospitali siku kumi na moja na kuninyonyoa nywele zote za mbele. Sasa nimepona, nimerudi kazini, na hasira imepungua kiasi cha kuweza kushika kalamu. Haijaisha. Ikiisha huenda nisiandike kabisa, kwa hiyo niacheni niandike nikiwa bado nayo.

Naitwa Dativa. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, nikahamia Kigali nikiwa msichana wa miaka ishirini. Naishi Gatsata, juu huko ambako ukifungua mlango asubuhi unapokewa na nyundo za gereji. Mume wangu Silas ni fundi wa magari kwenye mojawapo ya gereji hizo, na Kiswahili chake alikiokota humohumo, kati ya spana na mafuta machafu. Tuna binti mmoja, Aline. Kazi yangu iko Nyakabanda, kwenye nyumba ya wazee inayosimamiwa na mtawa. Huku watawa tunawaita Masera, na huyu wetu ni Masera Goreti. Ni mwanamke wa haki. Wa haki mpaka anaudhi, na mtaona wenyewe.

Nyumba ile ina desturi yake. Wengi wa wazee wetu hawana mtu, hakuna aliyebaki, na hapa kwetu hatuulizani kwa nini. Basi Masera akaanzisha jambo: kila anayeosha na kulisha wazee hupewa mzee mmoja awe wake. Siku hiyo inapikwa chai ya maziwa, mzee anaweka dole gumba kwenye daftari kubwa, wewe unatia sahihi pembeni, na kuanzia hapo wewe ni mtoto wake. Akilazwa, wewe ndiye unayekaa kitandani kwake. Akifa, wewe ndiye unayesimama mbele makaburini. Mimi nilipewa Mukecuru Veneranda. Mukecuru ni bibi, kwa Kinyarwanda, na hutamkwa kwa heshima. Alizaa wanne, wote hawapo. Mwaka wa kwanza alinilalamikia kila asubuhi kwamba namsugua kama sufuria lililoungua. Mwaka wa pili alikuwa hali chakula mpaka aone nimeketi. Hatukuwahi kusemezana maneno matamu, mimi na yeye. Tulikuwa tunagombana kuhusu maji ya kuoga, na ndiyo ilikuwa raha yetu.

Korona ilipoingia tulifungiwa ndani na wazee kwa zamu. Unaingia na begi lako, unalala huko wiki mbili, unatoka, unaingia mwenzio. Kisha tukasikia chanjo imefika, na wafanyakazi wa nyumba za wazee watakuwa miongoni mwa wa kwanza, pamoja na wazee wenyewe. Kituo cha afya kikamwomba Masera majina. Masera akafungua daftari.

Sasa sikilizeni. Lile daftari lina ukurasa wa kwanza, wafanyakazi, na ukurasa wa pili, watoto wa wazee. Ukishapewa mzee, Masera anakufuta wa kwanza na kukuandika wa pili, kwa sababu kwa mawazo yake mtu hawezi kuwa mtoto na kibarua wa mzee yuleyule. Mshahara unapata kama kawaida, karani ana orodha yake, lakini daftari la Masera ndilo Masera analoliamini. Kwa hiyo alinakili kurasa zote mbili kwa moyo mweupe, akazipeleka kituoni vilevile zilivyo: wafanyakazi hawa, familia hawa.

Kwenye ukurasa wa kwanza walikuwa wamebaki mlinzi wa getini, mpishi, dereva, karani na mtunza bustani. Wakachanjwa Jumanne ileile waliyochanjwa wazee. Mtunza bustani, ambaye mzee anayemgusa kila siku ni mti wa parachichi. Sisi watano tunaonyanyua wazee, tunaowafuta mate, tunaolala nao chumba kimoja, tukaambiwa familia zitafikiwa kwa umri. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita. Zamu ya umri wangu ilikuwa mbali huko, hata haijatangazwa.

Masera alipoelewa alichofanya alikaa chini, akaziba mdomo. Akasema, "Nitarekebisha Jumatatu." Jumatatu chanjo zilikuwa zimekwisha, tusubiri nyingine. Zikaanza mvua kubwa, tukasubiri na mvua.

Ugonjwa wangu ulianza kwa chai ya tangawizi. Nilikunywa nikadhani Aline kasahau tangawizi, nikamwambia, akaja akaonja, akanitazama. "Mama, tangawizi iko mpaka inaunguza." Kesho yake mifupa ikaanza kuuma mmojammoja, kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Siku ya nne nilishindwa kumaliza sentensi. Nilikuwa nasema maneno matatu, navuta pumzi, nasema mengine mawili, na Silas amesimama mlangoni kashika ufunguo wa moto ya jirani, pikipiki huku tunaiita moto, hajui anipakie au asinipakie.

Nani aliniambukiza sijui, na nimeacha kumtafuta. Kwanza nilimshuku mpishi, halafu dereva, halafu nikajishuku mwenyewe. Walipima nyumba nzima ya wazee, Mukecuru hakuwa na ugonjwa, na hilo lilinitosha.

Sitakuchosha na mambo ya madaktari, siyajui. Najua benchi. Benchi la mapokezi lilikuwa na alama za iksi za gundi nyekundu, unakaa, unaruka iksi, mwingine anakaa. Nilikaa pale kuanzia asubuhi mpaka mvua ya mchana ikaja na kupita. Kila jina lilipoitwa tulinyanyua vichwa wote, halafu tunaviteremsha. Mwanamume aliyekuwa iksi ya pili kutoka kwangu alikuwa akikohoa na kuomba radhi, anakohoa, anaomba radhi, mpaka nikatamani kumwambia baba, kohoa tu.

Wodini walinivalisha ule mpira wa hewa puani. Jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia ni hili: hewa ile ni baridi na inakausha, pua inapasuka ndani, na unaanza kuuchukia mpira unaokuweka hai. Nilijaribu kuung'oa mara mbili. Mara ya pili mama wa usafi, ambaye hata kazi yake haikuwa hiyo, aliweka ufagio chini akanishika mkono. Akaondoka, akarudi na chupa ya maji ya moto kaifunga kwenye kitambaa, akaniwekea miguuni. Jina lake sikuwahi kulijua, uso wake ulikuwa nyuma ya barakoa siku zote. Ukilazwa, tazama watu wa usafi. Wao wana muda wa kukuona.

Nilipotoka nilikuwa nusu mtu. Kutoka barabarani mpaka kwetu Gatsata ni ngazi za udongo ambazo nilizipanda miaka yote nikiwa na ndoo kichwani. Sasa nilizipanda kwa vituo, na kwenye kila kituo jirani mmoja ananiangalia kutoka mbali. Kifungo cha blauzi kilinishinda kwa kutetemeka mkono. Nywele zilianza kutoka wiki ya tatu, nachana, zinabaki kwenye kitana kama mzigo wa mtu mwingine. Pua haikurudi sawa. Mpaka leo kitunguu kikikaangwa mimi nasikia mpira unaoungua, na nyumbani wameacha kunicheka.

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote kilikuwa Silas. Hakunigombeza nikiwa mgonjwa. Alisubiri nipate nguvu ya kujibu, halafu akanigombeza.

"Iyi kazi ya wazee imekwisha," alisema. "Wewe haiko narudi."

"Narudi."

"Walichanja mtu wa maua, wewe wakakuacha. Na bado unataka kurudi? Iko watu gani hao?"

Alikuwa kasema kweli. Nikamwambia ataelewa siku yeye mwenyewe atakapokuwa mzee. Akasema yeye ataelewa nini, wakati nyumba nzima karibu ielewe msiba. Aline akainuka akaenda nje. Tulikaa wiki nzima tukiongea kupitia kwa yule mtoto, mwambie baba yako chakula kiko tayari, mwambie mama yako nimeshiba.

Kituo cha afya kilikuwa kimesema aliyeugua asubiri kwanza, asichanjwe papo hapo. Nikasubiri. Mvua zikaisha, vumbi likaanza, kiangazi kikaingia. Na kwenye nyumba ya wazee wakaweka sheria: asiyechanjwa haingii. Sheria nzuri. Ingekuwepo Jumanne ile ningeipigia makofi.

Ndipo Masera akaanza kunipigia simu. Mukecuru hali chakula. Mukecuru amekubali kuoshwa uso tu. Mukecuru anapewa uji, anaushika mdomoni, anautema kwenye kanga. Mgongoni kumeanza kuwa kwekundu kwa kulala chali tu, maana hataki kugeuzwa na mwingine. Kila simu ilikuwa mbaya kuliko ya jana. Mtu anayejua wazee anajua wekundu wa mgongoni unaelekea wapi. Nilihesabu siku na nikaona atakwisha kabla sijafika.

Muda wa kusubiri ulipotimia, nilikuwa kituoni kabla hawajafungua. Nilikanyaga pedali ya bomba la kunawia mikono, nikakaa, nikasogea, nikakaa. Muuguzi alikuwa kijana mpole. Watu wa Kigali wakikunyima kitu hukunyima kwa upole, huna hata pa kushikia ugomvi.

"Dativa iko hapa," alisema, kidole kwenye karatasi. "Lakini wewe ni familia."

"Mimi ni mfanyakazi. Miaka saba."

"Hapa wanaandika mwana wa Veneranda. Mama yako iko na miaka ngapi?"

"Si mama yangu."

Akaniangalia. "Si mama yako, na sahihi yako ni hii?"

Ilikuwa sahihi yangu. Masera alikuwa kaambatisha nakala ya daftari, mhuri juu. Kijana akasema pole sana, nikalete barua yenye mhuri, iseme kwamba mimi ni mfanyakazi na si mtoto. Nikatoka pale nikakaa ukutani.

Nilimpigia Masera. Nikadhani ni jambo la dakika tano. Barua ataandika, akasema, lakini hawezi kuandika barua inayopingana na daftari, maana patakuwa na uongo, ama kwenye barua ama kwenye daftari. Daftari lazima libadilishwe kwanza. Na kilichoingia kwa dole gumba la mzee hakifutwi ila kwa dole lilelile. Wenzangu wanne walikuwa wameshamaliza hayo nikiwa wodini, wazee wao wakaweka madole, wakachanjwa mzigo wa pili ulipokuja.

"Basi na Mukecuru aweke," nikasema.

"Amekataa, Dativa. Nimemwomba mara tatu."

Naomba uelewe nilivyojisikia. Mtu anakufa kwa kunikosa mimi, na mlango wa kunifikisha kwake anaushikilia yeye mwenyewe kwa ndani. Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtawa. Nilifika nyumbani nikalia mbele ya Silas, sikujificha, nikamwambia yote, barua, daftari, dole. Alikuwa anakula. Akaacha kula.

"Kesho nakupeleka," alisema. Hakuongeza neno.

Tulikwenda na moto ya jirani. Kuingia hatukuruhusiwa, wakamleta Mukecuru kwenye kiti cha magurudumu mpaka ndani ya geti, sisi tukabaki nje ya vyuma. Alikuwa amekwisha. Shingo imekuwa nyembamba, kitambaa cha kichwa kinampwaya. Masera amesimama nyuma yake na daftari kifuani. Tuliongea Kinyarwanda, mimi nakupa kwa Kiswahili.

"Umekonda," aliniambia.

"Wewe je? Unatema uji wa nini?"

"Hawajui kuupoza."

"Weka dole, nije niupoze."

Akatazama pembeni, kule kwenye mti wa parachichi. Nilimwambia kwa upole mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nilimfokea, getini, watu wanapita. Nilimwambia nimelala hospitali siku kumi na moja, nimebaki na pumzi ya kuazima, na yeye amekaa hapa anagomea wino. Nikamwuliza anataka nini, anizike mimi pia ili daftari lake libaki safi? Mlinzi alitazama viatu vyake. Hata mimi nilitaka kurudisha maneno, lakini yalikuwa yametoka.

Mukecuru hakukasirika. Alisema, "Wale wanne hakuna karatasi inayosema walikuwa wangu. Zote zilipotea, na picha pia. Mtu akiniuliza, ni mdomo wangu tu. Wewe ndiye pekee niliye na karatasi yake. Halafu mnaniambia niifute mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Miaka saba namwosha mgongo, sikujua hilo.

Silas ndiye aliyesogea kwenye vyuma. Kinyarwanda anakijua vizuri kuliko mimi, ni chake, na alikiongea taratibu, kofia mkononi. "Mukecuru, mimi ndiye mume wake. Nilimkataza kurudi hapa. Nilimwambia kazi imekwisha. Nyumbani hatuli vizuri kwa sababu yako, analia, hanisikii, hamsikii mtoto. Mimi nimeshindwa. Weka dole, umchukue."

Mukecuru alimtazama Silas juu mpaka chini, kama mtu anayechagua mboga sokoni. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Masera akafungua wino. Aliweka dole gumba juu ya lile la zamani, akalikandamiza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na alipolitoa hakukubali kufutwa kwa kitambaa. Akasema arudishwe ndani.

Nilichanjwa siku iliyofuata. Yule kijana mpole alisoma barua mara mbili, akatabasamu, akasema, "Sasa uko mfanyakazi." Sindano yenyewe haikuuma, nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu makubwa na nikaona aibu. Nilikaa dakika kumi na tano kwenye kiti cha plastiki kungoja kama nitaanguka. Sikuanguka. Mkono uliuma siku mbili, homa kidogo, Aline akanipikia mtori na Silas akaupoza mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kama vile mimi ndiye mzee. Tulianza kuongea moja kwa moja tena, bila mtoto katikati.

Ila bado. Nyumba ya wazee ikasema nisubiri wiki mbili nyingine, dawa ishike. Nilichoka hata kukasirika. Masera alinipigia kila siku saa nne asubuhi. Amekula vijiko vitatu. Amekula nusu kikombe. Amegeuzwa, amekubali, amemtukana aliyemgeuza. Nikasikia matusi hayo kwa nyuma kwenye simu na nikapata usingizi.

Siku niliyoingia vumbi la kiangazi lilikuwa limefunika majani yote barabarani. Nilinawa, nikavaa aproni, nikaona imekuwa kubwa. Mukecuru hakunisalimu. Alisema maji ni ya baridi kabla hajayagusa. Nikampandishia maji ya moto, nikaanza usoni, shingoni, mgongoni taratibu pale palipokuwa pamechubuka. Mkono wa kushoto akanipa. Nilipofika wa kulia ulikuwa umefungwa soksi mpaka kwenye kifundo, na ndani ya soksi amekunja ngumi.

"Fungua, nikuoshe."

"Huo bado."

"Bado nini? Unanuka." Nilidanganya, pua yangu hainusi tena sawasawa.

Akavua soksi kwa meno. Dole gumba lilikuwa limekauka ngozi, na kwenye mikunjo yake na chini ya ukucha wino wa bluu ulikuwa ungali umekaa. Zaidi ya wiki mbili hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mkono ule kwa sabuni.

"Mwite Masera," alisema. "Aje na daftari, nikuandike tena kabla wino haujatoka."

Nilikwenda kumwita. Wino wa kwenye dole haukutosha, ilibidi aongezewe mwingine, na akalalamika kwamba huu mpya ni mwepesi. Nilitia sahihi pembeni, imepinda. Kisha nikamshika Masera mkono kabla hajaanza kunifuta kule ukurasa wa kwanza, nikamwambia safari hii jina langu libaki kurasa zote mbili.